Kipimo cha Shati la Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, na jina hilo hakulipata bure. Futi yake ya kupimia nguo ilikaa shingoni tangu anapoamka mpaka anapolala, kama wengine wanavyovaa mkufu, na mtu akipita barabarani alimjua kifua, kiuno na urefu wa mkono kabla hajamjua kwao. Wanawake walimtania: "Bi Futi, usinitazame hivyo, jana nilikula harusini." Naye huwajibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Nimeona. Zipu imeshanieleza."

Vipimo vya watu hakuviandika popote. Alivitia kichwani, vikakaa. Mteja aliyehama akarudi baada ya miaka alimkuta Bi Futi anamtajia kiuno chake cha usichana, mwenyewe akaona haya. Ndiyo maana siku simu mpya ilipomwuliza neno lake la siri, akafungua kinywa asipate la kusema, hakushtuka. Alijua kilichoingia kichwani mwake hakipotei. Hujificha tu, kama sindano iliyoanguka chini: usiihangaikie, utaipata siku utakapoikalia.

Lakini neno hili hakulikalia.

Sasa, ili jambo lieleweke, lazima kwanza aelezwe mumewe. Huyu alikuwa mkaguzi wa shule. Alistaafu, lakini ukaguzi wenyewe haukustaafu. Alikagua sufuria jikoni, akakagua kufuli la mlango wa nyuma, na kila jioni akanyoosha mkono: "Lete simu." Akatazama nani kapiga na nani kapigiwa. Bi Futi alimpa. Aliolewa naye akiwa binti mdogo, na kumpa Mkaguzi anachotaka kulimgeukia mazoea, kama kuvua viatu mlangoni.

Mtoto walikuwa naye mmoja tu, wa kiume, waliyempata wakati watu wameshaacha kuuliza. Baba yake alimpeleka chuo cha ualimu. Kijana akakaa kidogo, akaacha, akaenda kujifunza kunyoa. Mkaguzi alimkuta kwenye kibanda cha kinyozi, mashine mkononi, amemwinamisha mzee wa watu kichwa. Pale hakusema kitu. Alikuja kusemea nyumbani.

"Mwana wa mkaguzi anashika vichwa vya watu?"

"Baba, hata wewe unanyolewa," kijana akasema.

Ni maneno machache, na pengine mzazi mwingine angecheka. Mkaguzi alimpa mpaka mwisho wa juma awe ameondoka. Akachukua simu ya mkewe, akafuta namba ya kijana kwa kidole chake mwenyewe, akasema kuanzia siku hiyo hataki kusikia humu ndani habari za kinyozi. Bi Futi alikuwa amesimama na chaki mkononi. Hakusema lolote. Hilo alikuja kulijutia kuliko yote, maana kijana alikuwa akimtazama yeye, hakuwa akimtazama baba.

Siku zilizobaki Bi Futi alimshonea mwanawe shati la safari. Kijana aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani, simu ya mama yake mkononi, anabonyezabonyeza.

"Mama, namba baba atazifuta, na ujumbe atausoma. Nimekufungulia sanduku la barua pepe. Na neno lake la kulifungulia nimelitia humu ndani." Akamwonyesha kialama kidogo chenye picha ya kufuli. "Hili ni kasha. Linatunza maneno yako yote ya siri. Kasha lina ufunguo mmoja tu, nao utauchagua wewe. Ukiusahau, hata waliolitengeneza hawawezi kukufungulia."

"Hata wenyewe?"

"Hata wenyewe. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri gani huo, mwanangu, wa fundi kutengeneza kufuli asiloweza kulifungua."

Kijana akacheka, ndiyo mara ya mwisho alipocheka katika chumba kile. "Chagua kitu ambacho baba hawezi kukikisia na wewe huwezi kukisahau. Andika kwa maneno, herufi ndogo, usiache nafasi katikati. Na mimi usiniambie."

Bi Futi akatazama mezani, shati likiwa bado vipande vipande, mgongo huku, mikono kule. Akajisemea moyoni, mtu aliyeishi nami miaka yote hii hajui hata kipimo cha kola yake, atajuaje hiki? Akaandika vipimo: bega, kifua, mkono. Kisha kijana akamshika kidole gumba, akakibandika kwenye kioo cha simu mara kadhaa. Kuanzia hapo kasha lilifunguka kwa kidole. Lile neno hakuliandika tena.

Kijana akaenda nchi ya watu. Barua zikaanza kuja.

Kwenye kona ya chumba cha kushonea palikuwa na pazia la kujaribia nguo. Nyuma ya pazia lile hata Mkaguzi hakuthubutu kuingia, maana huwezi kujua utamkuta mke wa nani hajavaa. Bi Futi akawa anaingia pale, anaweka gumba, anasoma. Nimepata kiti kwenye duka la kinyozi. Baridi ya huku, mama, inauma masikio. Leo nimemnyoa mtu analia, amefiwa, sikujua nimwambieje, nikamnyoa polepole. Naye alijibu kwa kubonyeza herufi mojamoja, barua fupi zisizo na nukta wala mkato, akimwambia ale, avae, asilale na nywele mbichi.

Barua ya mwisho aliyoisoma kwenye simu ile ilikuwa hivi: "Mama, nimepata mwenzangu. Kwao wanauliza kama nina wazazi. Baba najua jibu lake. Nakuuliza wewe. Uko pamoja nami? Ukisema ndiyo, tutasubiri mpaka upate njia ya kuja. Nataka ukae kiti cha mama. Ukisema hapana, nitaelewa. Neno moja tu."

Bi Futi aliisoma amesimama nyuma ya pazia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye futi. Hakuhitaji kufikiri. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye herufi ya kwanza ndipo akasikia kandambili za Mkaguzi zinakuja ukumbini. Akatoka haraka, akaichomeka simu katikati ya vitambaa vilivyokunjwa, akashika pasi.

Chini ya meza palikuwa na beseni la maji ya chumvi. Pamba mpya huwezi kuikata kavu, sharti uiloweke kwanza irudi, ipungue, la sivyo itarudi mwilini mwa mteja. Simu ikateleza kwenye vitambaa, ikaingia beseni, tubwi.

Mkaguzi alikuwa mlangoni. Hakusikia, au alisikia akadhani ni maji.

"Suti yangu imefika wapi?" Alikuwa ameleta kitambaa cha kijivu, anataka suti ya mkutano wa wastaafu.

"Sijakikata bado."

"Vifungo vya mkononi nataka vinne. Mwenyekiti ana vitatu."

"Vinne. Sawa."

"Na bitana ya ndani isiwe ya kung'aa. Sitaki kufanana na mpiga tarumbeta."

Akasimama. Akaeleza habari za mfuko wa ndani, akaeleza habari za kola, akaeleza mwenyekiti ni mtu wa namna gani. Bi Futi alikuwa akitikisa kichwa, na chini ya meza anaona viputo vidogo vinapanda juu ya maji, kimoja, kingine. Angeinama angeulizwa. Hakuinama. Mkaguzi alipoondoka viputo vilikuwa vimekwisha, na simu pia.

Kesho yake akaenda kwa fundi simu, kijana mwenye maneno mengi na bisibisi ndogondogo. Fundi akaifungua, akainusa.

"Mama, hii umeichemsha na chumvi?"

"Iliingia kwenye beseni."

"Basi imeshakuwa marehemu." Akamwuzia nyingine, akahamisha laini, akashusha lile kasha lenye kufuli. "Haya, weka neno lako kuu."

"Mimi huweka kidole."

"Simu hii haikijui kidole chako bado. Inataka neno kwanza, kidole baadaye."

Ndipo hapo alipofungua kinywa, asipate kitu.

Akasema hebu subiri. Vipimo vya mwanangu. Hivi mimi nivisahau vipimo vya mwanangu? Akaandika bega kumi na saba, kifua thelathini na sita, mkono ishirini na nne. Kasha likakataa. Akageuza, akaanza na kifua. Likakataa. Akaongeza shingo, akaondoa shingo. Likamwambia asubiri kwanza, amekosea mno.

"Basi tuliache kasha, tuingie sanduku la barua lenyewe," fundi akasema. Akabonyeza, akakunja uso. "Ruhusa ya kulifungua wanaituma kwenye namba ya simu ya huyo kijana wako. Ile ya huku kwetu."

"Aliiacha alipoondoka."

"Na anwani yake yeye? Tungemwandikia kupitia kwingine."

"Siijui. Mimi nilikuwa nabonyeza pale penye kujibu tu."

Fundi akawaandikia wenye kasha. Jibu lilikuja la adabu kabisa, likianza na mpendwa mteja na kumalizia na shukrani. Katikati likasema: neno lako kuu hatulijui, hatujawahi kulijua, na tumefanya hivyo kwa usalama wako.

"Mama, hawa watu wamekujengea jela," fundi akasema, "halafu wakakupa wewe ufunguo uumeze."

Siku zikaenda. Bi Futi akawa kila akipata nafasi anaingia nyuma ya pazia, anajaribu. Bega, kifua, mkono. Mkono, kifua, bega. Akafumba macho akamwona mwanawe amesimama mbele yake, amenyoosha mikono, mwembamba kama ufito, anasema fanya haraka mama unanitekenya. Akamzungushia futi kwa mawazo, akasoma, akaandika. Likakataa. Akaanza kujiogopa. Akajijaribu kwa wengine: mke wa mwenye duka la dawa, kiuno thelathini na nne. Shemasi, mguu arobaini na moja. Wote walikuwapo, wamejipanga kichwani kama nguo kwenye kamba. Mwanawe tu ndiye aliyekataliwa.

Mkaguzi akaona.

"Unatafuta nini kwenye simu siku hizi? Umeificha dhahabu?"

"Natafuta kitu nimekisahau."

"Uzee huo. Umeanza kichwani, ukishuka miguuni utaniambia."

Siku moja wako mezani wanakula, Bi Futi akajikaza. Akasema, "Baba yake, hivi yule mtoto..."

Mkaguzi hakuacha kutafuna. "Mtoto yupi? Asiyekuwepo na lake halipo. Suti yangu?"

Bi Futi alinyanyuka akaosha vyombo. Kitambaa cha kijivu kilikuwa bado mezani chumba cha kushonea, kimekunjwa, chaki iko juu yake. Kila alipokitazama aliona viputo. Na kila usiku ulipoingia alihesabu ni kimya cha namna gani mwanawe anakisikia huko aliko. Kijana wa watu ameuliza swali moja, na mama yake, yule yule aliyesimama na chaki mkononi siku ile asiseme kitu, sasa tena hasemi kitu. Kwa nini asiamini? Angekuwa yeye angeamini.

Miezi ikapita hivyo. Shule zikakaribia kufunguliwa, akaja mama mmoja wa mtaa wa pili na binti yake kuchukua gauni la shule. Binti akaingia nyuma ya pazia, akatoka amelivaa, mabega yameanguka mpaka karibu na viwiko. Mama yake akashika kiuno.

"Bi Futi, hapa tunasubiri mwingine aingie au ni huyu peke yake?"

"Huyo peke yake."

"Mbona limekuwa hema? Si ulimpima mbele yangu?"

"Nilimpima. Lakini nguo ya mtoto, mama mwenzangu, haishonwi kwa mwili wa leo. Unaongeza ya kukulia. Hushoni mtoto alivyo, unashona atakavyokuwa..."

Pini zilikuwa midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

Mteja mtu mzima ukimpima, nafasi ya kupumua unaiongeza kwa mkono tu wakati wa kukata, kichwa hakiihesabu. Lakini lile shati la safari la mwanawe alilihesabia. Kijana alikuwa mwembamba, na mama alijiambia ataenda huko, atakula, atajaza, atakuwa na mabega kama ya watu. Na baba yake siku moja atamwona amejaza shati, atasema kumbe huyu ni mwanaume. Akamwongezea. Na siku ile alipoambiwa achague neno, macho yake yalikuwa mezani, kwenye vipande vya kitambaa. Muda wote huu alikuwa anamwandika mwanawe, kumbe kasha alilifunga kwa vipimo vya shati.

"Nisubiri kidogo," akasema, akaingia nyuma ya pazia.

Bega kumi na nane. Kifua arobaini na mbili. Mkono ishirini na tano na nusu.

Kasha likafunguka kimya, kama mlango uliokuwa wazi siku zote.

Barua zilikuwa zimepangana. Ya kwanza: Mama, umeipata barua yangu? Inayofuata: Najua ni vigumu, usiogope, nasubiri. Inayofuata: Mama, unasoma? Halafu nyingine ya maelezo marefu, kwamba kwao msichana wamechoka kungoja na yeye ameishiwa visingizio, kwa hiyo wamepanga siku. Halafu picha.

Bi Futi akavaa miwani. Mwanawe amesimama katikati, bibi harusi pembeni yake, ana uso wa upole na meno yaliyoachana kidogo. Kwenye kiti cha mama ameketi mwanamke asiyemjua, mke wa mwenye duka la kinyozi, barua ilisema, amekubali kukaa hapo ili kisibaki kitupu. Bi Futi akamtazama mwanamke yule mpaka akamjua kifua na kiuno. Kisha akatazama suti ya mwanawe. Fundi aliyeishona alikuwa anajua kazi. Bega lilikuwa limekaa penye bega, mkono umeishia penye kifundo. Hakumwongezea hata inchi moja ya kukulia. Na kijana hakuwa amejaza. Alikuwa vile vile, kumi na saba, thelathini na sita, ishirini na nne, amesimama wima, na suti imemkaa kama ngozi.

Barua ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote.

"Mama, nimeelewa. Kimya nacho ni jibu, hata siku ile nyumbani kilikuwa jibu. Sina kinyongo. Ninafunga anwani hii ili nisiwe naichungulia kila siku. Shati lako ninalo bado. Halijawahi kunikaa."

Huku nje ya pazia yule mama akaita, "Bi Futi, umelala huko? Mwenzio nimeacha chungu motoni."

"Nakuja."

Akabonyeza pale penye kujibu. Akaandika: ndiyo. Akatazama neno lile, dogo namna hiyo, halina hata herufi za kukosea. Akalituma. Halikuchukua muda, likarudi na maandishi chini yake: barua yako haikuweza kufikishwa, anwani uliyoandikia haipo.

Akalituma tena. Likarudi tena.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akatoka. Akapiga magoti mbele ya yule binti, akayashika yale mabega yaliyoanguka, akaanza kuyapunguza kwa pini, mpaka yakakaa pale pale palipo na mwili.

"Si ulisema ya kukulia?" mama yake akauliza.

"Akikua mlete," Bi Futi akasema. "Nitamshonea nyingine."

Walipoondoka, alibaki ameketi, cherehani haizunguki. Mkaguzi akaja, akasimama mlangoni, akakagua meza.

"Mkutano ni kesho kutwa na kitambaa hakijaguswa hata na mkasi. Una nini wewe?"

Bi Futi akainuka. Akakichukua kile kitambaa cha kijivu, akakikunja vizuri na bitana yake na vifungo vyake vinne vya kila mkono, akakiweka mikononi mwa mumewe, polepole, kama mtu anayempa mwenzake mtoto aliyelala.

"Peleka kwa fundi mwingine."

"Fundi mwingine wa nini? Vipimo vyangu si unavyo kichwani tangu tuoane?"

"Nilikuwa navyo," Bi Futi akasema. "Nimevisahau."

Mkaguzi akacheka kidogo, akangoja mkewe naye acheke. Alingoja pale mlangoni na kitambaa mikononi. Bi Futi alikuwa ameshaketi, amevua futi shingoni, anaizungushia vidoleni, na hakumtazama.